Choki za taa za mekyuri: nilivyochoma karibu laki nne kabla sijajua kusoma kibandiko

Niseme mapema mimi sio fundi umeme, mimi ni mtu wa mbao. Mzee wangu ana godauni huku Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, zamani lilikuwa la kuwekea mkonge, yeye akalichukua akaligeuza karakana ya kupasua mbao na fanicha, sasa magoti yamemgomea kaniachia mimi. Pamoja na mashine na madeni ya watu akaniachia taa sita kubwa za kuning'inia kwenye kenchi, zile zenye kofia kama sufuria iliyogeuzwa, globu zake ukubwa wa papai, kila moja wati 250. Taa za mekyuri, yaani za mvuke wa zebaki.

Kama hujawahi kuishi na hizi taa, tabia yake ni hivi: ukiziwasha haziwaki, zinaamka. Kwanza unaona kamwanga kadogo ka zambarau ndani ya globu, halafu inapanda taratibu, dakika nne tano ndo inakuwa mwanga kamili, mweupe wenye ukijani. Chini ya mwanga ule rangi nyekundu inakufa kabisa. Mbao ya mninga ambayo mchana ina wekundu mzuri usiku inaonekana kama imemwagiwa majivu, niliwahi kupaka vanishi milango miwili ya kabati moja, mmoja mchana mmoja usiku, mteja alivyokuja asubuhi akaniuliza dada hizi kabati ni mbili? Nikamrudishia elfu hamsini yake tukabaki marafiki.

Matatizo yalianza mwishoni mwa 2022. Taa moja ikawa inanguruma kama mzinga wa nyuki, nyingine haiwaki kabisa, ya tatu inawaka nusu saa inazima inakaa inawaka tena, na juu ya hayo breka ya taa (ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) ikawa inaruka karibu kila jioni, unawasha, dakika moja au mbili, paa, giza. Na sisi wakati wa oda nyingi tunafanya kazi mpaka saa nne usiku, huwezi kumwambia kijana aingize mkono kwenye msumeno gizani.

Nikaita fundi, kijana mmoja mchangamfu ambaye alikuwa kanifungia waya nyumbani vizuri tu. Akapanda ngazi, akafungua taa ile inayonguruma, akashuka na choki mkononi. Choki ni lile dude zito la chuma lenye waya wa kopa ndani ambalo linakaa juu ya taa, wenzetu wanaliita balasti lakini huku ukisema balasti muuza duka anakuangalia tu. Ile choki ilikuwa imetoa ute mweusi kama lami, chuma kimevimba kutu (upepo wa bahari huu hauachi kitu), inanuka kuungua. Akanionyesha akasema dada unaona, zote zimekwisha hizi, tubadilishe zote sita. Na mimi nikaona ushahidi upo mbele yangu nikakubali.

Hapo ndo kosa la kwanza na ndo lililozaa mengine yote. Aliona choki moja imeungua akahukumu sita. Hakuna aliyepanda kuangalia zile nyingine, hakuna hata aliyetoa globu kwenye taa nzima akaijaribu kwenye taa mbovu, kitu cha bure cha dakika kumi. Baadae sana nilikuja kujua sio zote zilizokuwa zimekufa.

Tanga mjini hatukupata. Nikamtuma Dar na hela, akazunguka Kariakoo mpaka kule Gerezani siku mbili, kila duka anaambiwa hizo hakuna siku hizi chukua LED. Na sio kwamba wauza duka wavivu, ni kwamba hizi taa dunia nzima imezifunga mlango. Marekani walipiga marufuku kutengeneza na kuingiza choki za mekyuri kuanzia Januari 2008, Ulaya globu zake zikaondolewa sokoni 2015, halafu kuna ule mkataba wa zebaki wa Minamata wa 2013, ule uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu walikula samaki wenye sumu ya zebaki, nao ukaweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuuza nje na kuingiza nchini hizi globu kwa taa za kawaida. Kwa hiyo unachokuta madukani ni mzigo wa zamani uliolala stoo au mtumba. Mimi haya sikuyajua, ningejua ningemwambia arudi na hela yangu.

Siku ya pili akapiga simu kwa furaha, dada nimepata, wati 250 zote mpya kwenye maboksi, elfu thelathini na nane moja. Sita, laki mbili na elfu ishirini na nane. Nikasema chukua.

Akazifunga. Jamani, zile taa ziliwaka! Sijawahi kuona godauni lile limewaka vile, mpaka mzee akatoka nje na mkongojo wake kuangalia. Nikamlipa elfu sitini ya ufundi nikamuongezea na ya soda. Wiki tatu zikapita. Wiki ya nne globu moja ikaanza kuwa nyeusi pembeni kama chimni ya taa ya mafuta, ikafa. Ikafuata nyingine. Ndani ya miezi miwili globu nne zimekwenda, na globu zenyewe hizo za kutafuta kwa tochi, elfu ishirini na tano moja. Luku nayo inakimbia, nikadhani labda vijana wanachaji pikipiki usiku. Na breka bado inaruka! Kijana akaniambia dawa yake tuweke breka kubwa, hiyo ya ampea 16 ni ndogo tuweke 32.

Sijui nini kilinizuia kukubali, nadhani ilikuwa hasira tu ya kutoa hela. Nikamwambia ngoja kwanza. Mzee ndo akasema kwani yule bwana aliyekuwa anasuka mota za kiwandani si yupo bado, muiteni.

Akaja. Mzee wa miaka sabini na kitu (toka hapa nikisema mzee ni yeye, sio mzee wangu), kanzu yake, kibegi cha ngozi kimechakaa, ndani klampu mita (ile ya kubana waya kupima ampea), multimita na kalamu ya mafuta. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia, akaomba kiti na maji, hakugusa ngazi. Akasema niletee boksi la choki mpya na globu moja iliyokufa na choki moja ya zamani. Akaweka vyote mezani, akavaa miwani, akaniambia soma hapa mwanangu. Nikasoma kibandiko cha choki mpya: 250W. Akasema endelea. Nikaendelea: 3.0A, halafu herufi SON, halafu kamchoro kenye kiboksi cha tatu pembeni. Akasema sasa soma hii ya zamani, piga kutu kwanza. Nikapiga kutu na msasa: 250W, 2.13A.

Akaniuliza, unaona zinafanana?

Kumbe zile choki ni za taa za sodiamu, zile za njano za barabarani. Wati ni sawa, ampea sio sawa. Alinielezea hivi na mimi nawapa kama alivyosema: globu ya namna hii ikishawaka haina breki, yenyewe ingevuta umeme mpaka ipasuke, choki ndo breki yake. Globu ya mekyuri ya 250 inataka ampea 2.13, wewe umeipa choki inayoruhusu 3, ndo maana mlifurahia mwanga, mlikuwa mnaikimbiza punda kwa fimbo. Ule mwanga mkali niliompa mtu hela ya soda ulikuwa globu zangu zinaungua.

Na kale kaboksi ka tatu kwenye mchoro ni ignaita, kifaa cha kupiga umeme mkali kuiamsha taa ya sodiamu. Mekyuri haina hicho kitu, ina kijiwaya cha msaada ndani ya globu kinachoianzisha yenyewe kwa umeme wa kawaida. Yaani mchoro wenyewe ulikuwa unapiga kelele kwamba hii sio choki yako, na kijana aliuona ule mchoro akaniambia hako tunakaruka, hakana kazi.

Kwa hiyo ukienda dukani usiseme nipe choki ya 250. Andika aina ya taa, wati, na ampea, ikiwezekana nenda na ya zamani kwenye mfuko. Namba nilizonazo mimi kwa mekyuri za umeme wetu huu: wati 80 ampea 0.8, wati 125 ampea 1.15, wati 250 ampea 2.13, wati 400 ampea 3.25. Angalia na Hz, iwe 50. Kuna muuzaji alitaka kumpa kijana choki kubwa za mtumba kutoka Marekani, zimeandikwa volti 120 mpaka 277 na 60Hz, mzee alivyosikia akacheka akasema hiyo ukiifunga hapa utapikia chai, maana chuma chake kimepimwa kwa umeme wa mizunguko 60, ukikipa 50 kinashiba kupita kiasi na kuchemka.

Basi tukaanza upya. Yeye alikaa chini kwenye kiti, anaamuru, kijana (nilimwita tena, sikutaka ugomvi na yeye alitaka kujifunza) anapanda. Na hapa nieleze jinsi alivyopima maana hiki ndo kitu ningelipia darasa.

Kwanza globu nzima kwenye taa mbovu. Ikiwaka, basi choki yako haina tatizo, rudi nyumbani. Isipowaka, toa globu, washa umeme, pima volti kwenye holda. Ukipata volti zote, 230 na kitu, choki inapitisha, angalia holda. Sisi taa moja ilikuwa hivyo, kale kaulimi ka shaba katikati ya holda kalikuwa kamelala kwa joto la miaka, hakafiki kwenye globu. Zima umeme, kanyanyue kwa bisibisi, kasugue, basi. Choki ya elfu thelathini na nane ilifungwa pale kwa ajili ya kaulimi ka shaba! Ukipata sifuri ndo ushuku choki au waya. Ila tafadhali, kipimo hiki ni kwa mekyuri tu, kama taa ina ignaita usithubutu kuweka mita kwenye holda, ule umeme wa kuanzishia ni maelfu ya volti, mita inakufa na wewe unafuata.

Halafu zima kabisa, pima choki kwa ohm. Nzima inakupa ohm chache tu. Isiposoma kitu imekatika. Kati ya waya wake na chuma chake isisome kabisa, ikisoma inavuja na siku moja itaifanya ile kofia ya taa iwe na umeme. Ila choki iliyopigana shoti ndani kwa ndani ohm inaweza kukudanganya, ndo maana dawa ya mwisho ni klampu mita, unapima ampea taa ikiwa inawaka, na usipime taa ikiwa baridi, subiri dakika kumi, maana wakati inaamka inavuta karibu mara moja na nusu ya kawaida. Na bana waya unaokwenda kwenye globu, usibane ule unaoingia kwenye taa. Nikauliza si umeme ni ule ule? Akasema hapana, hapo katikati kuna kapasita, inasaidia kubeba mzigo, waya wa kuingilia utakusomea kama 1.3 na wa globu 2.13, ukipima pasipo utanunua choki bure mara ya pili.

Na hapo ndo fumbo la breka likafunguka. Kapasita zangu, mikrofaradi 18 kila moja, zilikuwa zimekufa zote isipokuwa moja. Kapasita ikifa taa inawaka tu kama kawaida kwa hiyo hakuna anayejua, lakini mzigo wote unahamia kwenye waya. Taa sita zenye kapasita nzima ni kama ampea 8, zisizo na kapasita ni karibu 13, na wakati zinaamka zote kwa pamoja zinapita hiyo 16 ya breka vizuri tu. Na kwa zile choki za sodiamu ndo usiseme. Breka ilikuwa inafanya kazi yake. Tungeweka 32 kwenye waya ule mwembamba wa 1.5 ndani ya godauni lililojaa vumbi la mbao, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Kapasita mpya sita zilinigharimu elfu arobaini na mbili, breka ile ile ya 16 haijaruka tena mpaka leo.

Ya kapasita kuna kisa kingine sitaki kukiruka. Siku ya pili ya kazi tulizima swichi kuu, mimi mwenyewe nimeizima na nimeikalia ufunguo. Kijana kapanda mita sita, kashika kapasita (ile moja nzima, si bahati hiyo), nikasikia kelele na bisibisi ikapita karibu na sikio langu. Ilimpiga. Umeme umezimwa lakini kapasita ilikuwa imebaki na chaji, kale karezista ka kuitoa chaji kalikuwa kameshakatika zamani. Umeme wenyewe haukumuumiza sana, kilichomuokoa ni kwamba alikuwa ameingiza mguu katikati ya vipago vya ngazi, vinginevyo angeshuka na mgongo kwenye sakafu ya zege. Toka siku hiyo mzee alitutengenezea globu ya kawaida ya wati 60 yenye waya mbili, unagusisha kwenye miguu ya kapasita kabla ya kitu chochote, inamulika mara moja inazima, ndo unaendelea. Na ngazi tukaiacha, nikakodi jukwaa la mafundi rangi elfu kumi kwa siku. Hiyo elfu kumi ningeitoa tangu mwanzo.

Kitu kingine, na hiki naomba kila mwenye karakana asome. Wakati tunakagua, mzee alisimama chini ya taa ya tano akaniambia izime hiyo sasa hivi, sasa hivi. Nikazima. Akauliza nani anafanya kazi hapa chini. Nikamwambia vijana wawili wa kupiga msasa. Akauliza macho yao vipi. Nilishtuka kidogo, maana wiki moja nyuma wale vijana walikesha wanalia, macho yanawaka kama yamejazwa mchanga, nikawapeleka zahanati, daktari akawauliza mnachomelea vyuma? Wakasema sisi seremala. Akawapa dawa ya matone, siku mbili wakapona, tukasema ni vumbi la mvule maana lile nalo linawasha.

Haikuwa vumbi. Globu ya mekyuri ni globu mbili, kuna kijiglobu kidogo cha ndani ambacho ndo kinawaka, na kioo kikubwa cha nje. Kile cha nje kazi yake mojawapo ni kuzuia ile miale inayochoma, ile ile ya kuchomelea. Ubao mrefu ulikuwa umesimamishwa vibaya ukagonga, kioo cha nje kikapasuka kipande, lakini cha ndani kizima, na taa ikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea! Sisi tukasema ah, si inawaka. Wale vijana walikaa chini yake jioni tatu. Globu ikipasuka nje zima hapo hapo, usisubiri kesho, na usiruhusu mtu kuiangalia.

Sasa ile taa ya kuwaka nusu saa na kuzima, ile iliyoitwa choki mbovu mara tatu. Mzee alikaa anaiangalia anakunywa kahawa. Ikawaka vizuri. Halafu kijana akawasha mashine ya randa, taa ikazima papo hapo, zile nyingine zikapepesa zikabaki. Mzee akacheka. Randa ikianza inavuta umeme mwingi, volti zinashuka kidogo kwa sekunde, na globu iliyozeeka haivumilii, inazima, na ikishazima ikiwa ya moto haiwaki mpaka ipoe, dakika tano na zaidi. Taa haijafa inapoa, alisema. Hapo dawa ilikuwa globu mpya.

Tulipopima volti, saa moja jioni zilikuwa 208, saa nane usiku mlinzi akapima (nilimwachia mita, alifurahi sana) akakuta 243. Hili lina maana yake kwenye choki, maana zile choki sahihi tulizokuja kuzipata, nne, mzigo wa zamani kwenye stoo ya duka moja la mjini ambalo mwenyewe anafahamiana na mzee, zina sehemu mbili za kufungia waya, 220 na 240. Kijana akataka kufunga kwenye 220 kwa sababu jioni umeme ni mdogo na taa itang'aa zaidi. Mzee akamwambia jioni unaiona wewe, usiku wa manane nani anaiona? Zikafungwa kwenye 240. Jioni zinafifia kidogo kweli, lakini haziungui zikiwa zimeachwa na mlinzi peke yake.

Niliuliza pia kama zile zilizoungua anaweza kuzisuka kama anavyosuka mota. Akasema kusuka anaweza, lakini kwenye chuma cha choki kuna uwazi mdogo mwembamba kama karatasi ndo unaoamua ampea, ukiufungua na kuurudisha vibaya umetengeneza choki nyingine. Akazipeleka kwake achukue kopa.

Kwa hiyo nilibaki na choki nne nzuri na taa sita, mbili nikasema hapa tuingie LED. Na huko nako nilipigwa kidogo, nilinunua globu za LED zinazoingia kwenye holda ile ile kubwa, tukaskrubu tu tukaacha choki na kapasita humo ndani, zikapepesa siku tatu moja ikafa. Inabidi utoe choki na kapasita kabisa, waya ziende moja kwa moja kwenye holda, na uandike kwa nje kwamba hii sasa ni ya moja kwa moja ili siku moja mtu asije kuskrubu globu ya mekyuri bila choki. Ile ya pili tulivyoifunga hivyo inawaka mpaka leo. Ya kwanza nilinunua nyingine.

Hesabu ya luku nitaitoa maana mtaniuliza kwa nini sikuweka LED zote. Taa sita za mekyuri na hasara ya choki ni kama wati 1,600, mpaka asubuhi zikiwaka zote ni uniti 18 hivi, na kwa elfu moja kupata uniti 2.8 hiyo ni zaidi ya elfu sita kwa usiku mmoja. LED sita za wati 100 ni kama elfu mbili na mia nne. Ndiyo, LED inashinda, hata mtoto anaona. Lakini taa ya LED ya maana, sio zile za kuandikwa wati 200 ndani kuna 60, ilikuwa inauzwa zaidi ya laki moja kila moja, na mimi nilikuwa nimeshachoma laki tatu na themanini na nane kwenye choki za sodiamu, ufundi na globu. Choki nne sahihi nilizipata laki moja na kumi zote. Tukapanga tukishafunga kazi usiku tuache LED mbili tu kwa mlinzi, na mekyuri ikifa sasa hivi haitengenezwi, inaingia LED. Mpaka sasa imeshakufa moja. Ukiwa ndo unaanza leo na huna choki mkononi, sikushauri kabisa uhangaike kutafuta, mimi nilikuwa nimeshavuka mto nusu.

Choki za sodiamu sita nilizirudisha dukani kwa nauli yangu, hawakuzipokea kwa sababu zimeshafungwa, nikaja kumuuzia jamaa wa kufunga taa za kiwanja cha mpira kwa nusu bei. Globu zilizokufa nimeziweka kwenye boksi la mbao lenye takataka ya randa juu kabisa ya kabati, zina zebaki, sitaki kuona mtoto anazipasua jalalani kwa raha ya mlio. Na kapasita za zamani zile za bati zenye mafuta ndani, mzee alisema za miaka ya sabini kurudi nyuma mafuta yake yanaweza kuwa yale ya sumu, usitoboe, usichome, usipake mlango. Nazo zimo humo.

Zile mekyuri tatu zilizobaki, kila kofia kwa ndani kuna maandishi ya kalamu ya mafuta, mwandiko wa mzee ulioinama: 2.13A, 50Hz, waya kwenye 240, kapasita 18, na tarehe. Choki moja iliyotoka salama kwenye ile taa iliyokufa iko chini ya meza yangu kwenye mfuko wa rambo, kijana ameshaniomba mara mbili akaiuze nimekataa.